Maneno Kumi na Matatu

Jumatano, 26 Novemba

Mwenzangu mpendwa,

Assalamu alaikum. Hujambo? Umeamkaje huko kwa shangazi yako? Kile kifua chako kimepoa, au bado kinakubana ukilala chali? Nakuomba usikae na nguo mbichi mwilini, hali ya hewa hii haina huruma na mtu. Mimi mwili mzima. Moyo ndio mgonjwa, na ugonjwa wenyewe unaujua.

Nakuletea daftari hili kwa mkono wa shangazi yako. Nimelishonea ndani ya foronya yangu mwenyewe, siyo ya hospitali, usije ukasema nimeongeza na wizi. Ni daftari langu la msimu huu, tangu mvua ianze. Sikuliandika ili ulisome. Humo nimekuita Mwenzangu, kama tulivyozoea kuitana. Sijafuta kitu, hata pale ninapojisifu kama mtu asiye na akili. Lisome mpaka mwisho, maana mwishoni kuna jambo linalokungoja wewe, kisha ulitie moto.

Jumatatu, 6 Oktoba

Daftari jipya, mvua mpya. Imeshuka saa nne asubuhi, mashuka mia mbili yakiwa kwenye kamba za nje. Tulikimbia mimi na Mwenzangu kama wezi waliofumaniwa, tukayaanua, yakaloa hivyo hivyo. Msimamizi akasimama mlangoni mwa chumba cha kufulia na miwani yake puani.

"Nyie akina mama, wingu lote lile hamkuliona?"

"Tuliliona, bosi," Mwenzangu akamjibu. "Tulidhani limekuja kuomba ruhusa kwako."

Hata yeye akacheka. Mwenzangu ana ulimi, lakini hauchomi mtu.

Jioni mada ya wiki imetoka kundini: "Mlango." Nieleze hapa, maana daftari hili halijui kitu. Kundi letu la kwenye simu linaitwa Maneno Mia. Tuko watu thelathini na kitu, hatujuani hata sura. Mwenye kundi ni mwalimu aliyemaliza utumishi, tunamwita Mstaafu. Jumatatu anatoa mada. Mpaka Alhamisi kila mtu anamtumia yeye peke yake hadithi ya maneno mia moja kamili, kichwa hakihesabiwi. Likizidi neno moja, hadithi imetoka. Likipungua moja, imetoka. Ijumaa anazibandika zote bila majina, Jumamosi tunapiga kura, Jumapili anamtaja mshindi. Zawadi ni picha ya kikombe cha chai, basi. Hatugombani. Tunataniana na kufundishana. Tangu mume wangu atangulie mbele ya haki, hao ndio watu ninaozungumza nao nikiwa nyumbani.

Mimi niliishia darasa la saba. Kuhesabia maneno kwenye simu sijui, kwa hiyo nahesabu kwa tasbihi: neno moja, punje moja. Punje ziko tisini na tisa. Neno la mia nalishika kwa kidole.

Jumapili, 12 Oktoba

Mshindi ni Fundi Saa, mara ya tatu mfululizo. Kazi yake kweli ni kutengeneza saa. Hadithi yangu imepata kura mbili, na moja ni ya kwangu mwenyewe, Mungu anisamehe.

Fundi Saa akaniandikia mbele ya wote: "Dada Dobi, hadithi zako safi mno. Zinanuka sabuni. Hakuna doa hata moja humo ndani!" Watu wakacheka, nami nikacheka. Mstaafu akaongeza kwa upole wake: "Dada yetu, weka kitu kimoja cha kweli. Kimoja tu. Msomaji akikigusa hicho, mengine yote atayaamini."

Nimeyaandika hayo kwenye karatasi, nikaibandika juu ya meza.

Jumanne, 14 Oktoba

Mvua. Mashine ya kukaushia imegoma.

Jumatano, 15 Oktoba

Mvua. Tunakaushia mashuka kwenye rola la pasi, moja moja. Mikono imeungua mpaka kwenye viwiko.

Alhamisi, 16 Oktoba

Mvua. Wodi zinapiga simu kuomba mashuka, Msimamizi anatuhesabu sisi badala ya kuhesabu mashuka. Sikupeleka hadithi. Sina cha kusema.

Jumanne, 21 Oktoba

Leo nimepewa amana nzito.

Saa tano lilishuka furushi kutoka wodi ya watoto. Mwenzangu ndiye aliyekuwa anachambua: yenye damu huku, yenye mkojo kule. Akashika kiblanketi kidogo, cha mtoto wa miezi. Kilikuwa na doa la rangi ya kahawia, linanukia dawa ya kifua. Akasimama nacho.

"Vipi?" nikamwambia. "Loweka, mama, siku inakwenda."

Hakuloweka. Akakaa juu ya lundo la nguo chafu, kitu ambacho hatufanyi kamwe, wala wagonjwa wenyewe hawakai pale. Nikarudisha mlango. Mashine ya kukamulia ilikuwa inazunguka kwa kelele, hakuna ambaye angetusikia.

"Nilikuwa na mtoto kabla ya hawa wawili," akasema.

"Najua. Uliniambia homa ilimchukua."

"Homa!" Akacheka kicheko kibaya. "Mimi ndiye niliyempa kijiko."

Akanieleza. Ni miaka kumi na mmoja sasa. Hawakuwa na kitanda cha mtoto, walimlaza kwenye kapu la nguo, juu ya sweta ya kazi ya baba yake. Mtoto alikuwa anakohoa. Mchana ule Mwenzangu alichukua chupa ya dawa ya kifua kwenye rafu, karatasi yake ile ile, rangi ile ile, akampa vijiko viwili. Yeye mwenyewe alikuwa na mafua, pua zimeziba, hakusikia harufu. Mtoto hakufika alasiri.

Watu walipokuwa bado uani, alikwenda jikoni kutafuta kopo la dawa ya mende, kwa sababu mende walikuwa wanatembea mbele za wageni. Akamuuliza mama mkwe wake, yule Bibi wanayeishi naye, ambaye macho yalikuwa yameshaanza kumpungua: "Mama, dawa ya mende iko wapi?" Bibi akajibu huku analia: "Nimeimimina kwenye chupa, mwanangu, asubuhi. Kopo lilikuwa linavuja."

"Nikamtazama usoni," Mwenzangu akasema. "Hakujua. Hakuwa na habari hata kidogo. Nikasema, sawa mama. Nikaichukua ile chupa, nikaizika uani, chini ya kamba ya kuanikia."

"Na mumeo?"

"Sikumwambia mtu. Yule mama alimlea mume wangu peke yake. Na yule mtoto alimpenda kuliko macho yaliyombakia. Nimwambie, mama, ni wewe? Si angekufa kesho yake? Nikasema basi, mmoja ameshakwenda, inatosha."

Nikamshika mikono. Nikamwambia: "Amana yako, Mwenzangu. Imeingia kwangu na haitoki." Nikaapa. Mungu alinisikia nikiapa.

Kile kiblanketi tulikifua pamoja, kwa mkono.

Jumatatu, 27 Oktoba

Mvua. Mada: "Jikoni."

Alhamisi, 30 Oktoba

Nimeiandika. Najua nilichoapa, lakini nimekaa nikajiuliza: jina sijataja. Mtaa sijataja. Watu wenyewe hatujuani hata sura. Ni kama kuuambia ukuta. Tena nimeandika kwa mapenzi, ili watu wamwonee huruma mwanamke kama yule, aliyebeba mzigo wa mwenzake miaka yote kimya kimya.

Ilitoka maneno mia na kumi na matatu. Nimezungusha tasbihi mara nne. Nikapunguza neno hapa, hadithi ikachechemea, nikalirudisha. Ndipo nikaona kuna sentensi moja yenye maneno kumi na matatu kamili: "Mama mkwe, asiyeona vizuri, ndiye aliyemimina dawa ya mende ndani ya chupa ile." Nikaitoa. Hadithi ikakaa sawasawa, kama foronya iliyopigwa pasi. Tena bila sentensi hiyo inatisha zaidi, hata mimi mwandishi nywele zilinisimama. Hii hapa.

*Kijiko*

*Mtoto alilala ndani ya kapu la nguo, juu ya sweta ya kazi ya baba yake. Alikuwa anakohoa. Mama alichukua chupa ya dawa ya kifua kwenye rafu, akamimina kijiko kimoja, kisha cha pili. Mtoto alikunja uso. Mama alicheka, akamwita mwanaume mdogo mwenye hasira. Akamwimbia. Baada ya muda mtoto hakuhitaji wimbo. Watu walikuja, wakasema homa huchukua watoto. Mama hakusema kitu. Aliosha kijiko, akakikausha, akakirudisha mahali pake. Chupa akaizika nyuma ya nyumba, chini ya kamba ya kuanikia. Miaka kumi na mmoja sasa, kila anapoanika nguo, husimama mahali palepale. Majirani husema hakuna mwanamke anayependa usafi kama yule. Yeye hutabasamu, akabana kibanio kingine kwenye kamba.*

Mia kamili. Nimeituma.

Jumapili, 2 Novemba

Nimeshinda! Kura ishirini na moja! Kundi lilichemka tangu Ijumaa. Dereva wa Lori, ambaye huwa anaandika akiwa amesimama njiani, aliuliza: "Jamani, huyu mama aliua kwa makusudi au vipi?" Mwingine akamjibu: "Soma vizuri, aliosha kijiko huyo! Shetani mwenye kanga." Fundi Saa akasema: "Mwandishi hajasema, na hapo ndipo utamu ulipo." Jina langu lilipotajwa akaandika: "Dada Dobi! Leo sabuni imekwisha!"

Mstaafu akaniomba faraghani aiweke kwenye ukurasa wetu wa wazi, watu wa nje waisome. Nikasema ruksa, tena haraka, kabla hajamaliza kuuliza.

Nimekitazama kile kikombe cha chai mpaka macho yakauma. Alfajiri nimeswali jua limeshatoka.

Jumatatu, 3 Novemba

Mwenzangu ameniuliza, "Leo umeamkia upande gani, mbona unaimba?" Nikamwambia nimeota ndoto nzuri. Akasema, "Nigawie na mimi."

Jumatano, 5 Novemba

Mvua. Mashine bado. Fundi amekuja, ameitazama, ameondoka.

Ijumaa, 7 Novemba

Nilikuwa nasukuma toroli kwenye ukumbi wa wodi ya pili. Manesi wawili walikuwa wameinamia simu moja. Mmoja alikuwa anamsomea mwenzake: "...aliosha kijiko, akakikausha..." Yule wa pili akasema, "Mwanamke gani huyu, Mungu amlaani."

Walimlaani Mwenzangu mbele yangu. Nami nikapita na toroli langu, nikasema, "Samahanini, nipisheni."

Jumapili, 9 Novemba

Nimemwandikia Mstaafu aiondoe kule nje.

"Dada, watu elfu nne wameisoma! Una wasiwasi gani? Si hadithi ya kubuni?"

"Siyo yote," nikaandika.

Akauliza: "Uliweka kitu kimoja cha kweli?"

"Niliweka vyote, Mwalimu. Nikatoa kimoja."

Hakuuliza zaidi. Ameiondoa hapo hapo. Lakini ameniambia ukweli wake, kwamba watu walishaichukua na kutumiana, na huko ilikokwenda yeye hana mkono wa kuifikia.

Jumanne, 11 Novemba

Mwenzangu hakuja kazini.

Jumatano, 12 Novemba

Hakuja. Nimepiga simu, imezimwa. Mvua.

Alhamisi, 13 Novemba

Amekuja saa sita, bila sare ya kazi. Amevaa nguo za safari na mkoba mmoja. Hakuingia ndani, alisimama pale nyuma yanapoegeshwa matoroli, maji yakimchuruzika. Nikamkimbilia na shuka kavu nimfunike. Akalisukuma.

"Wifi yangu ameisoma," akasema.

Wifi yake, dada wa mumewe, anafanya kazi kwenye duka la kuchapisha. Mteja alimletea simu amchapishie kitu, akaiona hadithi humo. Akasoma kapu la nguo. Akasoma sweta ya kazi. Ile sweta aliifuma yeye, kwa mikono yake, ndiye aliyempa kaka yake siku alipopata kazi ya kuchomelea vyuma. Akaichapisha hadithi kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, akaipeleka karakana kwa kaka yake.

"Mume wangu alirudi Jumatatu jioni. Hakunisalimia. Alichukua jembe. Mvua inanyesha, yeye anachimba chini ya kamba. Watoto wanamuuliza, baba unatafuta nini, hajibu. Akaipata. Akaiosha kwenye pipa, akaja akaigonga juu ya meza. 'Hiki ni nini?' Nikanyamaza. 'Ulimpa nini mwanangu?' Nikasema, nilimpa kijiko. 'Ulijua?' Nikasema sikujua. 'Sasa kama hukujua, ulizika nini?'"

Nami nilielewa kwamba asingeweza kumjibu, maana Bibi yuko chumba cha pili, na ukuta wao ni wa mbao.

"Hukumjibu?"

"Ningemjibu nini?"

Wifi ndiye aliyefunga vitu vyake. Watoto wamezuiwa. Yule mdogo alimshika gauni mpaka mshono ukafumuka. Alinionyesha mahali penyewe, ubavuni.

Nilipiga magoti pale kwenye maji. Nikamwambia ni mimi. Akasema, "Najua ni wewe. Nani mwingine? Sijamwambia kiumbe mwingine duniani." Hakupiga kelele. Ni afadhali angepiga. Alitoa karatasi ya wifi yake, imeloa, imekunjwa mara nne.

"Kuniandika umeniandika, yameshapita," akasema. "Lakini mbona ulikata pale? Wengine wote umewaweka. Mimi umeniweka, mtoto umemweka, hata kibanio cha nguo umekiweka."

"Maneno yalizidi," nikasema.

"Yalizidi."

"Ilitakiwa iwe mia. Yalikuwa mia na kumi na matatu."

Alinitazama kama mtu anayejaribu kusoma maandishi ya mbali. "Yalizidi," akarudia.

Nikamwambia nakwenda kwa mumewe sasa hivi, na aproni yangu hii hii, nimweleze kila kitu. Ndipo akanishika mkono, kwa nguvu, kucha zikaingia.

"Usiongeze neno. Umenisikia? Bibi haoni tena, masikio yake ndiyo macho yake. Ukifungua mdomo wako mle ndani utamuua. Nimekaa miaka kumi na mmoja ili asijue. Usiongeze hata neno moja."

Akaenda. Nimerudi kwenye rola. Nimepiga pasi mashuka sitini, sikumbuki hata moja.

Ijumaa, 14 Novemba

Hadithi za wiki zimebandikwa kundini. Mada ilikuwa "Mvua." Sikusoma.

Jumapili, 16 Novemba

Baada ya sala nilichukua tasbihi. Vidole vilianza kuhesabu, lakini midomo ilikuwa inasema: mtoto, alilala, ndani, ya, kapu. Nimeiweka kabatini. Namtaja Mola wangu kwa vidole vitupu.

Nimejitoa kundini. Baada ya saa moja simu ikalia, namba nisiyoijua. Fundi Saa. Nilidhani ni kijana. Ni mzee, sauti inatetemeka, na nyuma yake nilisikia saa nyingi zikigonga, kila moja na wakati wake.

"Dada yangu, niambie ukweli. Yule mama yupo?"

"Yupo, kaka."

"Lahaula." Akasema: "Mimi ndiye niliyekutania habari za doa."

"Mkono ni wangu, kaka. Wewe ulitania tu."

"Niliipigia kura," akasema. "Nikamwambia na mke wangu, sikiliza hii, sikiliza. Tukaisoma tunakula."

Hakuna aliyejua namna ya kuagana. Mwisho akakata yeye.

Jumanne, 18 Novemba

Nimekwenda kwa imamu, nimeketi nje ya mlango wake mpaka amalize darasa. Sikumtajia mtu. Nilisema tu: nilipewa siri, nikaitoa, mwenyewe ameharibikiwa. Nimeomba toba kila siku, je, imepokewa?

Akaniambia: "Mama, ulilomkosea Mungu, Mungu ni mwingi wa kusamehe. Lakini haki ya mja iko kwa mja. Ulie, ufunge, usujudu mpaka paji la uso litoboke, haifutiki mpaka mwenyewe akuachilie. Nenda kwake."

"Amenikataza nisiseme."

"Basi nenda kwake, usiende kwa mwingine."

Ijumaa, 21 Novemba

Msimamizi amelipiga mstari jina la Mwenzangu kwenye orodha ya zamu. Alitumia rula. Mashine ya kukaushia imepona.

Jumatatu, 24 Novemba

Leo nimefanya jambo ambalo sijui kama ni jema. Nimekwenda nyumbani kwao. Nilijiambia nakwenda kuwaona watoto tu, niwapelekee daftari za shule.

Mumewe alinifungulia. Macho yake mekundu, sijui ni moto wa kuchomelea au ni kulia. Sijui kama anajua kwamba mwandishi ni mimi. Kwenye ile karatasi hakuna jina. "Karibu, dada," akaniambia, na ile karibu ilinichoma. Chupa iko juu ya kabati la vyombo, amekalia kuitazama mtu huyu. Akaniambia Jumamosi wazee wa pande mbili watakaa. "Nitamuuliza mbele yao mara moja tu kwa nini alizika. Akinyamaza tena, Jumatatu chupa inakwenda polisi, na wanangu hatawaona. Mimi si mtu mbaya, dada. Lakini nimelala miaka kumi na mmoja na mtu nisiyemjua."

Akatoka kwenda kazini. Wifi alikuwa amewapeleka watoto shule. Nikabaki na Bibi peke yetu.

Yuko kitandani, mdogo, kama nguo iliyoanuliwa. Nywele zake hazijachanwa siku nyingi. Nikamsalimia.

"Nani wewe?"

"Mimi, Bibi. Tunafua pamoja na mkweo, hospitali."

Akanishika mikono, akaipapasa. "Hii hii. Ngozi yake nayo iko hivi hivi, kama karatasi. Yuko wapi mkwe wangu? Wananiambia amekwenda kumuuguza shangazi yake. Mimi ni kipofu, mwanangu, si mjinga. Mtu anayekwenda kuuguza haagi kwa kulia."

Nilichota maji, nikamwogesha, nikamchana. Nilipokuwa namfunga kilemba akaniuliza:

"Walichimba nini uani?"

"Sijui, Bibi."

"Nilisikia jembe. Kisha nikasikia kitu kikigongwa mezani. Kioo. Chupa ile." Vidole vyake vilikuwa vinatembea juu ya shuka, vinatafuta kitu. "Nimelala hapa siku kumi na nne naiwaza. Dawa ya mende mimi niliiweka kwenye chupa siku ile tuliyomzika mtoto. Nakumbuka, maana kopo lilinichafua gauni. Mkwe wangu aliniuliza siku ile ile iko wapi, na baada ya pale sikuisikia tena. Miaka yote hii hakuna mtu aliyeniuliza tena."

Akanishika tena mikono.

"Mwanangu, wewe una macho. Ile chupa ni ya nini? Imeandikwa nini?"

Chupa ilikuwa nyuma yangu, ng'ambo ya mlango uliokuwa wazi, hatua nne. Karatasi yake imeoza lakini bado inasomeka herufi mbili tatu. Midomo yangu ilifunguka. Wallahi ilifunguka. Kisha nikakumbuka kucha za Mwenzangu mkononi mwangu.

"Sijaiona, Bibi," nikasema.

Akaniachia mikono. Alijua nadanganya, nadhani. Akasema taratibu: "Ijumaa wanaume watakuwa msikitini. Rudi saa ile. Na uwe umeshaiona."

Jumatano, 26 Novemba

Mwenzangu, umefika mwisho. Sasa naandika kwako.

Siombi uniachilie. Haki yako iko shingoni kwangu, na ukitaka nikutane nayo siku ya hesabu, nitakutana nayo. Ninachokuuliza ni kimoja, na nakuuliza kabla, safari hii.

Bibi ameniuliza. Keshokutwa ataniuliza tena, na safari hii hatakubali uongo. Nikimsomea ile chupa, atajua, na nadhani mwenyewe atamwita mwanawe aseme. Jumamosi wazee watakuta jibu, nawe watoto wako utawapata. Lakini uliyemlinda miaka kumi na mmoja utakuwa umempoteza, tena kwa mdomo wangu. Nikinyamaza, kama ulivyoniamuru, Jumamosi utasimama mbele yao peke yako, na Jumatatu ni polisi. Sina akili ya kuchagua hapo, na nimeona nini kinatokea ninapochagua mimi. Mtoto ni wako, mama mkwe ni wako, siri ni yako.

Ukisema nimsomee, nitamsomea, nimshike mikono mpaka mwanawe arudi. Ukisema ninyamaze, sitakwenda, na mlango wao sitaukaribia tena. Nikikosa jibu, nitanyamaza.

Watoto hawajambo, Bibi ameniambia. Yule mdogo ameng'oka jino la mbele, la juu.

Shangazi yako anarudi mjini kesho alasiri. Niandikie kwenye karatasi yoyote umpe, hata neno moja, au nipigie, simu yangu iko wazi muda wote. Tafadhali nijibu upesi, kabla ya Ijumaa.